Mpaka wa Mwalimu na Mwanafunzi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona bwenini usiku, lakini mchana hapana anayelisema. Sababu ya kuandika ni lile tangazo lililobandikwa ubaoni mwanzo wa muhula, kwamba mwanafunzi asiingie nyumbani kwa mwalimu ye yote, asifundishwe peke yake katika chumba kilichofungwa, wala asiandikiane na mwalimu kwa simu wakati wa likizo. Wengi walilisoma wakacheka. Wengine walikasirika, hasa sisi wa kidato cha nne, kwa kuwa tuna mtihani wa taifa mwezi wa Novemba na tulizoea kumfuata mwalimu po pote alipo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Siku chache baadaye mama alikuja kunitazama, akaniletea habari za nyumbani, na tangu siku hiyo sicheki tena. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza niruhusiwe kuanza mbali kidogo.

Mimi ni mtoto wa Mabatini, hapa hapa mjini Mwanza. Asiyepajua na ajue kwamba nyumba nyingi za kwetu zimepanda mlimani juu ya majabali, moja juu ya kichwa cha nyingine, na hapana mtu awezaye kukaanga samaki au kugombana na mkewe bila majirani kujua. Mama yangu huuza dagaa anaowanunua Mwaloni, Kirumba. Nilipokuwa darasa la tano hesabu za sehemu zilinishinda kabisa, hata nikaanza kusingizia tumbo siku za hesabu. Jirani yetu mmoja alikuwa mwalimu aliyestaafu. Mama akamwomba anisaidie, naye akakubali bila malipo, illa mafungu ya dagaa mara moja moja.

Mzee yule hakuniita ndani kwake hata siku moja. Tulikaa juu ya jiwe pana lililo mbele ya mlango, yeye na mimi na watoto wengine wawili watatu waliojileta wenyewe, naye akiandika kwa mkaa juu ya jiwe hilo. Wapita njia walisalimu, wengine wakasimama kutazama. Siku moja mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani alijibu hesabu kabla yangu, akaenda zake akicheka, nami nikaona haya sana. Lakini sehemu nilizijua. Mvua ilipokuja ilifuta jiwe, na kesho yake tukaanza upya.

Sasa nije kwenye habari ambayo sijapata kuiandika po pote. Kabla sijahamia shule hii nilisoma kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kutwa ambayo sitaitaja jina wala mahali. Nilikuwa kiranja wa darasa. Kazi ya kiranja mnaijua: kufuta ubao, kukusanya madaftari, kuandika majina ya wapiga kelele, na kupeleka ujumbe. Alikuwako mwalimu mmoja kijana, hodari wa kufundisha, tuliyempenda sote. Mwalimu huyo alizoea kuniambia, "Mwambie fulani aniletee madaftari nyumbani." Nami nilikwenda mbio nikamwambia msichana huyo, "Mwalimu anakuita."

Mwanzo ilikuwa mara moja kwa juma, siku ya Ijumaa. Baadaye ikawa mara mbili, mara tatu. Niliona kwamba anaitwa hata siku ambazo hatukuandika zoezi lo lote. Niliona, na siwezi leo kujisingizia upofu. Wenzangu wakaanza kumwita msichana yule "shemeji". Walimu wengine walilisikia jina hilo, wakatabasamu, wakaendelea na kazi zao. Yeye akahamia dawati la nyuma. Aliacha kujibu maswali, naye alikuwa wa tatu darasani. Kisha akaanza kukosa kuja shuleni siku za Ijumaa.

Siku moja aliniambia, "Huwezi kumwambia kwamba hukuniona?" Nikamjibu kwamba nikisema uwongo nitachapwa mimi. Hakuniomba tena. Kabla ya mtihani wa kidato cha pili alikuja mjomba wake akamhamisha, na haikupita miezi miwili mwalimu naye akapata uhamisho. Tulimuaga kwa soda na biskuti. Mimi pia nilikunywa soda hiyo. Kwa kazi yangu ya utume nilikuwa nimepata kalamu moja ya wino na fimbo kadhaa zilizonipita siku nilizochelewa.

Lililotokea ndani ya nyumba ile silisemi, maana sikuwamo. Nasema niliyoyaona mimi nikiwa nje, na hayo peke yake yalitosha mtu mzima mmoja kuuliza swali. Hakuuliza mtu.

Basi habari aliyoniletea mama ilikuwa hii: mdogo wangu wa kike, aliyeingia kidato cha kwanza mwaka huu, amechaguliwa kuwa kiranja, na sasa yeye ndiye mbeba madaftari wa darasa lake. Mama aliisema kwa furaha kubwa, kama mtu anayesema mwanawe amepata cheo. Nilishindwa kufurahi naye. Tulikuwa tumekaa kwenye majani karibu na lango, na pale pale nikamweleza habari zote nilizoziandika hapa, ambazo nilikuwa nimemficha miaka miwili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Wakati huo ulikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia kumi na mitano. Akasema, "Basi na wewe ulitumwa."

Neno hilo limenifariji kidogo, lakini silikubali lote. Nilitumwa kweli, miguu lakini ilikuwa yangu.

Husemwa kwamba mwalimu ni mzazi wa pili. Sisi tuliolelewa katika nchi hii tumelisikia neno hili tangu darasa la kwanza, na mimi silipingi. Sisi Wasukuma tumefundishwa kumsalimu mkubwa kwa kukunja goti, na mwalimu ni mkubwa. Hata nchi yenyewe imelitukuza jina hilo. Baba wa Taifa, Julius Nyerere, aliacha kazi ya kufundisha katika shule ya Pugu mwaka 1955 ili ashike kazi ya siasa. Akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, lakini mpaka alipofariki mwaka 1999 watu walimwita Mwalimu, na hata leo ukisema "Mwalimu" bila kuongeza jina watu wanajua unamsema nani. Sidhani ziko nchi nyingi ambazo jina la kazi ya ubaoni limepewa heshima kuliko jina la ikulu.

Lakini tuliangalie neno lenyewe. Mzazi ana mambo mengi anayoweza kumtuma mwanawe, na jirani wote hujua. Mzazi hampi mtoto wake alama ambazo zitaamua kama ataendelea na masomo au atarudi kuuza maandazi. Mzazi hamwambii mtoto, "Usimwambie mtu kwamba nilikuita." Tena mzazi huishi na mtoto maisha yote, ambapo mwalimu hupewa uhamisho. Watu hulikumbuka neno hili la mzazi wa pili wanapotaka mwanafunzi atii na anyamaze, na hulisahau wanapotakiwa kuuliza mtoto amekwenda wapi jioni hii. Hapo ndipo ninapoona kosa.

Huenda wengine wakasema sheria zipo, na zinatosha. Ni kweli zipo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwisha sema kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 hawezi kuhesabiwa ameridhia, hata akisema ameridhia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, imefanya kuwa kosa la rushwa mtu mwenye mamlaka kutaka mapenzi ili ampe mtu haki yake au upendeleo. Na alama za mtihani ni haki ya mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, awe wa kike au wa kiume. Na mwaka 2016 Sheria ya Elimu iliongezwa kifungu kwamba mtu akimpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari atafungwa miaka 30. Nimeyaandika haya kwa kuwa wengi wetu tunamaliza kidato cha nne tukijua sheria za Newton lakini hatuzijui hizi.

Hata hivyo sheria hizi nyingi huja baada ya jambo kuharibika. Miaka 30 ya gerezani haimrudishi mtu kwenye dawati la mbele. Mpaka ninaousema mimi uko mapema zaidi. Uko kwenye ule ujumbe wa kwanza, kwenye daftari la kwanza linalopelekwa nyumbani jioni, kwenye vocha ya simu anayopewa mwanafunzi mmoja tu kati ya arobaini, kwenye "usiku mwema" inayoandikwa saa nne za usiku wakati wa likizo. Mambo haya kila moja peke yake ni dogo, na ukilisema utaambiwa una mawazo machafu. Ndiyo maana yafaa yaandikwe ubaoni, ili asiwepo mtu wa kuulizwa kwa nini anawaza.

Neno juu ya fimbo, kwa kifupi, maana mpaka wa mwili ni mmoja. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Nimesoma shule tatu tangu nianze darasa la kwanza, na kitabu hicho nimekiona mara moja. Mwezi wa Agosti mwaka 2018, ng'ambo ya ziwa kule Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa baada ya kuchapwa, na mwalimu aliyemchapa alihukumiwa mwaka uliofuata. Naamini kwamba mwalimu anayejizuia kwa fimbo atajizuia na mengine pia, na shule inayoandika viboko vyake itaandika na mengine pia. Katika mambo haya kuandika ni nusu ya ulinzi.

Wala jambo hili si uzushi wa magazeti. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi katika nchi nzima kwa kuwauliza vijana wenye miaka 13 hadi 24, na habari zake zikatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana mmoja katika kila 7, walisema walipata kufanyiwa jambo la namna hiyo kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu hiyo ni ya watenda maovu wa kila aina, majirani, ndugu, wageni, wala si walimu peke yao, na haifai kuwatwisha walimu mzigo wote. Lakini wavulana wenzangu mnaosema haya ni mambo ya wasichana, hesabuni darasa letu, halafu mgawe kwa saba.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba mkoa wetu wa Mwanza ulikwisha jaribu dawa ya ugonjwa huu kabla hatujazaliwa. Katika miaka ya 1990, mradi ulioitwa TANESA, wa Watanzania na Waholanzi, uliokuwa ukipigana na UKIMWI mkoani hapa, uliweka katika shule za msingi mtu aliyeitwa mlezi. Mlezi alikuwa mwalimu wa kike, aliyechaguliwa na walimu wenzake, akafundishwa jinsi ya kumsikiliza msichana aliyesumbuliwa, iwe amesumbuliwa na mwanafunzi, na mtu wa mtaani, au na mwalimu. Mwaka 1996 watafiti waliwauliza wasichana wa darasa la sita na la saba, na katika shule zilizokuwa na mlezi zaidi ya nusu walisema wakisumbuliwa watamwendea yeye.

Mimi nikisoma hayo nilimfikiri yule msichana wa dawati la nyuma. Yeye alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea, naye alikuwa kiranja mwenye kuogopa fimbo.

Lakini watafiti wale waliandika na udhaifu. Walimu walezi, kama walimu wengine, waliupinga vikali uhusiano wo wote wa mapenzi wa wasichana, hata wasichana hawakuona kwamba mlezi anaweza kuwasaidia katika mambo hayo. Nami naona udhaifu huo unaeleweka vizuri na kila aliyekaa bweni. Mtu akijua kwamba akifungua mdomo ataanza kuulizwa "Na wewe ulikwenda kufanya nini?" hataufungua. Kwa hiyo mimi ningependa mlezi asichaguliwe na walimu. Achaguliwe na wanafunzi, kwa kura ya siri, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, maana wavulana nao wanahitaji. Shule nyingi siku hizi zina mwalimu wa ushauri, na shule yetu inaye, lakini hupangiwa kazi hiyo kama anavyopangiwa zamu ya jikoni. Wako walimu katika shule hii ambao kila mwanafunzi angewachagua bila kufikiri, na wengine wangepata kura zao wenyewe tu. Mhariri akitaka kulikata neno hili, na alikate.

Sasa nijibu wanaolipinga tangazo, maana wana neno la kweli. Mwalimu wetu mmoja mzee, ambaye anastahili heshima yote, aliuliza mbele ya darasa, "Mtoto nisiyeweza kumwita nitamfundishaje?" Aliumia, na tuliona kwamba ameumia. Mtu aliyefundisha miaka thelathini bila doa anasoma tangazo ubaoni na kuona kama limeandikwa kwa ajili yake. Tena wanafunzi wanyonge ndio wanaopata hasara ya kwanza. Yuko mwenzangu wa bwenini, yatima, aliyekuwa akipewa chai na mkate kila Jumapili nyumbani kwa mwalimu mmoja na mkewe, pamoja na watoto wao. Tangu tangazo litoke, hapati. Tena Jumapili ile ilikuwa siku yake ya kukaa na watu kama mtu wa nyumbani, wala si chai tu.

Hili haliwezi kujibiwa kwa kusema "sheria ni sheria". Jibu langu ni lile jiwe la Mabatini. Mzee yule alinifundisha mwaka mzima, na hapana mtu aliyepata neno la kusema, kwa kuwa kila mtu alikuwa akituona. Hakunipenda pungufu kwa kukaa nje. Tangazo letu limesema mambo tusiyoruhusiwa na halikusema mahali tunaporuhusiwa, na hapo ndipo lilipokosea. Ukimwambia mwanafunzi dhaifu wa hesabu asiende kwa mwalimu, usimwambie aende wapi, umemlinda kwa kumnyima. Huyo mwenzangu yatima angeweza kuandikwa jina lake kwa matroni au patroni, mkuu wa shule akajua, mwalimu na mkewe wakajulikana kuwa ndio jamaa zake wa Jumapili, na chai ikaendelea mchana kweupe. Ni karatasi moja tu.

Juu ya sisi wanafunzi ninayo machache, wala si mazuri. Wako miongoni mwetu wanaowachezea walimu, hasa wale vijana wa vyuo wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha, ambao wengine wametupita miaka minne mitano tu. Huwapa majina ya utani, huwaomba namba za simu, huwaandikia vikaratasi, na wengine huvitumia vikaratasi hivyo kutafuta alama. Mwalimu wa mazoezi aliyekuja mwaka jana alikuwa akicheza mpira nasi, akala nasi, akavuliwa heshima yake polepole mpaka hakuweza tena kusema "Nyamazeni." Tulimwonea. Lakini wale wanaosema kwamba mwanafunzi akianza yeye basi kosa ni lake, siwaelewi. Kama mtoto wa miaka kumi na sita akiomba funguo za gari, mwenye gari hampi halafu akasema mtoto ndiye aliyeomba. Mwalimu ndiye mwenye mshahara, ndiye mwenye kalamu nyekundu, ndiye aliyekula kiapo cha kazi yake. Mwanafunzi anaweza kuukosea mpaka huu, na aadhibiwe kama utovu wa adabu mwingine wo wote. Kuulinda ni kazi ya mwalimu.

Na walimu wanaowaona wenzao? Hapa nasema kwa unyenyekevu, nikijua gazeti hili husomwa katika ofisi ya walimu. Wale walimu waliotabasamu waliposikia jina la "shemeji" hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alinifundisha Kiswahili, na hata hii ninayoandika ni kazi yake. Nadhani waliogopa kuharibu kazi ya kijana mwenzao, au walingoja mkuu aseme, naye mkuu alikuwa anangoja wao. Mimi niliogopa fimbo, wao waliogopa lawama. Katika shule nzima hakuwako asiyeogopa illa mwenye kosa.

Yafaa kila mwanafunzi ajue pia kwamba iko njia nje ya lango. Polisi wanalo dawati la jinsia na watoto, na iko simu ya mtoto, namba 116, ambayo mtu hupiga bila malipo. Sisi wa bweni hatuna simu, ni kweli, na sitetei tupewe. Lakini simu ya ofisi ya matroni ipo, na ingefaa ijulikane kwamba mwanafunzi akiomba kupiga namba hiyo haulizwi anampigia nani wala anataka kusema nini.

Nilimwandikia mdogo wangu barua ndefu. Sikumtisha, maana shule anayosoma ina walimu wema na sina neno nao. Nilimwandikia kwamba madaftari yanapelekwa ofisini, yanawekwa mezani, na mbebaji ni watu wawili. Akitumwa kumwita mwenzake aende nyumbani kwa mtu, na ajibu, "Shikamoo, Mwalimu, naomba umwite mwenyewe darasani." Akichapwa kwa jibu hilo, na aniandikie, nami nitamwambia mama, na mama anajua njia ya ofisi ya elimu kama anavyoijua njia ya Mwaloni. Barua yake ya kujibu ilikuwa na mistari minne. Amesema amesoma, amesema amejaribu kubeba madaftari na rafiki yake na ni mepesi zaidi, na ameomba nimtumie kalamu.

Kalamu nimemtumia, mpya, ya kununua kwa fedha yangu.

Hapa shuleni, sisi wanane wa kidato cha nne tumemwandikia Mkuu wa shule kuomba mabenchi mawili na ubao mdogo viwekwe chini ya mwembe ulio kati ya maabara na ofisi ya walimu, mahali panapoonekana kutoka pande zote, ili mwalimu atakaye kumsaidia mwanafunzi baada ya vipindi akae naye hapo. Mwalimu wetu wa hesabu amesema kama benchi likija atakaa hapo Jumatano na Ijumaa, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, hata kwa mwanafunzi mmoja. Fundi wa shule amekagua mbao za vitanda vilivyovunjika na kusema zinatosha. Logarithimu bado zinanishinda. Barua tuliipeleka juma lililopita, na mpaka ninapoandika haya hatujapata jibu.

Wenu katika masomo,

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne